Kome Walioachama

Wivina alipika kome katika mgahawa mmoja wa mji wa Gent, Ubelgiji, tangu nywele zake hazijaota mvi, na jina lake lote, ndugu msomaji, lilikuwa ndani ya sufuria ile nyeusi. Kabla ya kuinjika, alimgonga kila kome aliyeachama. Akifunga gamba, yu hai. Asipofunga, amekufa, huyo ni wa pipa.

Mzee mwenye mgahawa alipofariki, mwanawe Bavo alibandika ukutani karatasi yenye vyumba vinne: mapato, wateja, kazi ya jikoni, mafunzo ya wafanyakazi. Vyote vipimwe sawa, alisema, kisinenepe kimoja huku kingine kikikonda. Wivina aliipenda karatasi ile. Aliiona ina haki.

Lakini chumba cha jikoni kilipima chakula kinachotupwa, na kila Jumatatu kilipakwa nyekundu.

"Shangazi, pipa lako linakula kuliko wateja," alisema Bavo, aliyemwita hivyo tangu akitambaa jikoni mle.

"Pipa haliharishi, mwanangu."

"Wateja wenyewe wamefurahi. Tazama, kijani kitupu."

"Wamefurahi kwa sababu ya hilo pipa."

Bavo alicheka tu. Ijumaa asubuhi Wivina akakuta pipa limeondolewa, na amri imetoka: kome wote wapikwe. Akainamia beseni. Harufu ikampanda kama maji ya maua yaliyosahauliwa kaburini. Aliyemgonga hakufunga, alivuja ute wa kijivu ukamnatia kidoleni. Akanawa, akanawa tena, na kidole bado kilinuka.

Pale wafanyakazi hula pamoja kabla mlango haujafunguliwa, mwenye mgahawa akiwa nao. Wivina akawachagua walewale walioachama, akawapika kwa kitunguu na divai nyeupe, akaitua sufuria mbele ya Bavo.

Bavo alifunua. Akafunika upesi.

"Unanitania, Shangazi."

"Ndio wa wateja wa leo. Onja, baba."

Mhudumu mmoja akaziba pua kwa leso.

"Haya, watupe," Bavo alisema kwa sauti ya chini, macho yakiikwepa sufuria. "Ila usiwahesabu kwenye karatasi."

Wivina alimtazama. Uvundo wa kome aliufahamu maisha yake yote, na haukuwahi kumtibua roho kama maneno yale. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kifuniko, akatoka kwa mlango wa wateja.