Vitambaa vya Vikombe na Soksi za Wazee

Tangu aanze majaribio ya wiki sita katika jiko la nyumba ya wazee pale mjini Kotka, Saimi Hagert hakuwa mtu wa kutulia. Alimenya viazi amesimama. Alikula mkate wake amesimama dirishani. Saa tatu wenzake walipoitana kunywa kahawa, yeye alishika ufagio. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuahidiwa kazi ya kudumu, majaribio yakienda vizuri. Kwa hiyo alifagia hata palipokwisha kufagiliwa.

Saimi ni Mkaale, wa wale Waroma, wanaoitwa pia Wajipsi, ambao mababu zao wamezaliwa na kuzikwa Ufini, na bado wao huulizwa wametoka wapi. Tangu ana miaka kumi na tisa huvaa sketi nzito ya mahameli nyeusi, na tangu hapo hajaingia dukani bila mlinzi kukumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwenye rafu ileile. Mikono yake imezoea: huiweka mbele, ionekane. Jikoni walikubaliana avae sketi ndefu ya pamba na aproni nyeupe. Siku ya pili mikoba ya wafanyakazi ilihamia kwenye kabati lenye kufuli. Kila mmoja alipewa ufunguo, isipokuwa yeye. Hakuna aliyesema kwa nini, naye hakuuliza.

Ila kilichomnyima raha hasa ni mashine ya kufulia. Siku ya tatu alitumwa kuleta vitambaa, akavikuta vile vya kufutia vikombe vikizunguka humo pamoja na soksi na chupi za wazee. Kwa Mkaale hilo halifanyiki. Kinachogusa chombo cha kulia na kinachogusa mwili wa chini havikutani; si kwenye beseni, si kwenye mashine, wala kwenye kamba. Tangu siku hiyo akawa anasuuza vikombe vya wazee kimyakimya kwa maji ya moto, na yeye mwenyewe hanywi kahawa yao.

"Leo tena hutaki?" Raija, mpishi, alimuuliza. "Kahawa yetu ina sumu?"

"Tumbo tu, Raija."

"Tumbo la wiki tatu? Mwenzetu, isije ikawa una mimba."

Wakacheka. Saimi naye akacheka, kidogo. Lakini wiki ya nne Raija hakucheka. Alikisogeza kando kikombe alichokuwa amemmiminia na kusema, "Au sisi ndio hatufai kwako."

Uso ule Saimi aliujua. Alikuwa nao mama yake zamani, kila alipokuja bibi mmoja wa ofisi ya ustawi wa jamii. Mama alitoa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, bibi akasema asante, ametoka kunywa sasa hivi. Kila mara alikuwa ametoka kunywa. Akishaondoka, mama alimwaga kahawa. Na leo bibi yule ni Saimi.

Jioni alizunguka sebuleni, mlangoni, jikoni, akarudi.

"Utatoboa sakafu," alisema mama yake, Olga, kutoka kitini.

"Nikisema, mama, nitakosa kazi. Nisiposema, wataona nawadharau, nitaikosa vilevile."

"Basi kunywa."

"Wewe ungekunywa?"

Olga akageukia dirisha. "Mimi sitafuti kazi."

Kesho yake saa tatu, meneja Marketta akiwa mezani na wengine, Saimi aliweka ufagio chini na kusema habari ya vitambaa na soksi. Alisema polepole, mikono mbele.

Marketta aliweka kikombe chake mezani.

"Yaani unatuambia sisi ni wachafu," alisema Marketta. "Wewe."

Neno lile la mwisho lilibeba mengi, na kila aliyekuwepo alilisikia.

"Mmefungia mikoba kwa ajili yangu, sikusema kitu," alisema Saimi. "Hili ni la vikombe vya wazee."

"Tunafua kwa nyuzijoto tisini."

"Hata kwa tisini, Marketta, ungefuta sahani yako kwa soksi?"

Raija alitazama kikombe chake. Hakukimalizia.

Ijumaa ya mwisho ya majaribio tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia: kuanzia Jumatatu, vitambaa vya jikoni vifuliwe peke yake. Chini kulikuwa na sahihi ya Marketta. Saa moja baadaye Saimi aliitwa ofisini.

"Umefanya kazi vizuri sana," alisema Marketta. "Ila tunahitaji mtu atakayeendana na wenzake." Akamsogezea cheti cha kumaliza kazi.

"Lile tangazo ni wazo la nani?"

"Ni usafi wa kawaida tu."

"Basi liandike humu, kwamba nililileta mimi."

"Cheti hakina nafasi ya mambo hayo."

"Kina mistari mitatu mitupu."

Marketta aliandika kidogo, akageuza karatasi. *Anazingatia usafi.* Saimi alisoma mara mbili. Maishani hakuwahi kuona ofisi imeandika hivyo juu ya mtu wa kwao. Hata hivyo akairudisha karatasi.

"Ongeza kwamba mmebadilisha utaratibu kwa sababu yangu."

"Saimi, inatosha."

"Kwako inatosha. Mimi Jumatatu naanza kubisha milango mingine."

Karatasi ikabaki katikati yao. Saimi hakuondoka. Huko jikoni wakaanza kuitana kunywa kahawa. Marketta alitazama mlango, akatazama saa, na mwishowe, bila kuinua macho, akachukua tena kalamu.