Satipi na Sakafu za Watu

Waliojenga mji wetu walinyoosha kamba kwanza, ndipo wakaleta matofali, na mimi sijawasamehe hadi leo. Vichochoro vyote vimenyooka, nyumba zote zina kipimo kimoja, na milango yote iko vilevile. Mlevi akirudi kwake huingia popote. Mfalme Senusret, aliyelala katika piramidi yake hapo juu, hana shida, maana nyumba yake ni moja. Tunaopotea ni sisi tunaomhudumia.

Jirani yangu Satipi alipotea akiwa mzima, hajaonja hata bia, na mimba yake imeshaiva. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikufa akiwa bado ananyonya. Alimzika kama tunavyowazika wachanga wetu, ndani ya sanduku la nguo, chini ya sakafu ya chumba cha kulala, asikae mbali na mama. Baadaye mumewe Hepi akapandishwa cheo hekaluni, wakapewa nyumba upande wetu. Sanduku likabaki kule. Satipi aliona haya kubisha kwa wageni kila sikukuu ili amwagie mwanawe maji ya kunywa juu ya sakafu yao, akaacha kwenda. Miaka ikapita, kuta zikapakwa upya, milango mingine ikahamishwa.

Mimba hii ilipokaribia mwisho, akaanza kuota mtoto analia nyuma ya ukuta. Akaenda kwa mzee anayesoma maneno matakatifu hekaluni. Mzee akamwambia kuwa yule wa kwanza ana kiu, na mfu mwenye kiu humvuta mdogo wake. Amfukue, amlete alale chini ya sakafu ya mama yake kabla uchungu haujaanza. Satipi alirudi akanisimulia, nami nikamkasirikia yule mzee, maana maneno kama hayo hayaambiwi mwanamke mwenye tumbo lile.

Wa kumuuliza nyumba ni Hepi, lakini Hepi alikuwa zamu. Mwezi wa kundi lake kuhudumu ukifika, hunyoa kichwa, samaki hagusi, mke hamsogelei, hulala kulekule hekaluni kwa mfalme. Tukamtuma mchota maji wa hekalu akamuulize. Jibu likaja kuwa ni nyumba ya nne kutoka ukutani. Sasa kichochoro kile walichokaa zamani kina ukuta mwanzoni na ukuta mwishoni.

"Ukuta upi?" Satipi akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeolewa na Hepi.

Tukaanza na upande wa kisima. Katika nyumba ya nne anakaa mfumaji mmoja aliyetoka nchi za mashariki. Alitusikiliza akiwa ameduwaa, kwa kuwa kwao watoto hawazikwi ndani, na nadhani tangu siku ile hakanyagi sakafu yake kwa raha. Alituruhusu kwa sharti tuizibe. Satipi aliapa kuwa anaujua ule ufa wa ukutani. Tukachimba, tukakuta vigae vya mtungi. Akasema basi ni nyumba inayofuata, maana huko nako kulikuwa na ufa. Huko tukakuta udongo mtupu. Kufikia hapo kichochoro kizima kilikuwa nje, na muuza vitunguu mmoja akaomba tukifika kwake tumchimbie kisima kabisa. Satipi hakumsikia. Alikuwa akitazama milango, mmoja baada ya mwingine, na machozi yanamtoka. Nilimwonea huruma hadi nikamwacha yule mpumbavu aende na maneno yake, jambo ambalo si kawaida yangu.

Tukaenda upande wa pili. Kwenye mlango wa nne akatoka Henuti, mke wa mshona viatu, mwanamke mpana asiyecheka ovyo. Alipoona jembe akasimama katikati ya mlango.

"Humu hachimbi mtu," akasema. "Humu amelala mwanangu."

"Na wangu," akasema Satipi. "Nadhani. Sijui, dada. Mimi sijui tena."

Henuti akamtazama tumbo, kisha uso, akatupisha. Alichimba mwenyewe, kwa mikono, pembeni mwa kitanda. Likatokea sanduku la nguo. Ndani mlikuwa na vifurushi viwili vya kitani, vidogo, vimelazwa bega kwa bega.

Akatueleza kwa sauti ya chini. Alipofiwa na mwanawe alichimba pale pale, akalikuta sanduku na mtoto mmoja ndani. Aliwauliza majirani, hakuna aliyejua ni wa nani. Akamlaza wake kando yake wasiogope, na tangu hapo kila akimwaga maji humwaga ya wawili, na mkate wa sikukuu huukata mara mbili.

"Kwa hiyo hana kiu," Satipi akasema.

"Kiu ya nini? Kwangu?"

"Sasa aliyekuwa analia ni nani?"

Satipi akapiga magoti, akanyoosha mkono juu ya vile vifurushi, akaurudisha. Kitani ni kilekile, kimegeuka rangi ileile, na hata Henuti hakukumbuka tena wake ni yupi. Mzee alisema aletwe nyumbani. Kumchukua mmoja ni kubahatisha, kuwachukua wote ni kumwibia mwenzake. Satipi akabaki pale chini, ameshika tumbo, hajui anyanyuke au akae.

"Kama yeye hawezi kuja kwako, njoo wewe," Henuti akasema. "Jifungulie hapa. Utakuwa umelala juu yake, huyo mzee wenu atataka nini zaidi?"

Tukalirudisha sanduku na matofali ya sakafu. Uchungu ulipomshika, nilimbeba Satipi hadi kwa Henuti, tukapanga matofali ya kuzalia mahali pale, akachuchumaa juu yake, akazaa msichana mwenye mapafu ya muuza samaki.

Hepi alimaliza zamu yake kabla mkewe hajapata nguvu za kurudi. Akashuka kutoka hekaluni, kipara kinang'aa, amekumbatia mikate iliyotoka kwenye meza ya mfalme. Kwake akakuta mlango umefungwa. Nikamwambia mkewe amejifungua, naye yuko kule walikokuwa wakikaa zamani. Nilimfuata kwa nyuma, nikamwona anabisha nyumba isiyo yake, anaomba radhi, anabisha nyingine. Mwishowe akasimama katikati ya kichochoro akauliza kwa sauti kama kuna aliyemwona mkewe na mtoto wake.

Henuti akatokeza kichwa mlangoni.

"Ingia, shemeji," akasema. "Wanao wote wawili wako humu."