Majira Bibi Alipoitwa Zuhura

Mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa wakikaangwa, narudi Wembley, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya pili, mama akifungua dirisha na baridi yote ile kwa kuogopa moshi usiwakere majirani. Bibi mzaa mama alikuwa amekuja kutoka Tabora kutolewa mtoto wa jicho. Macho yamefungwa bandeji, televisheni haimfai kitu, akataka hadithi. Mimi, mvulana wa miaka kumi, nilielewa Kiswahili lakini nilijibu Kiingereza, ugonjwa wa watoto wengi wa huku ughaibuni. Kwa Bibi ujanja huo uligonga mwamba. "Mume wangu," alinitania, "sema nikuelewe, ama nitafute mume mwingine."

Nilichokuwa nacho ni cha shuleni tu. Mwalimu alitueleza kwamba kabla ya Vita Vikuu vya Pili, majenerali fulani wa Kijerumani walipanga kumpindua dikteta wao, lakini hawakuthubutu. Nikamsimulia kwa Kiswahili changu cha kuchechemea. Bibi akaketi wima. Baba yake alichukuliwa na Waingereza kwenda kupigana vita hivyo, akamwacha mkewe mjamzito, na hakurudi. Hata kaburi halijulikani. Mtoto alipozaliwa, ndiye Bibi, akapewa jina la hali yenyewe: Tabu. "Sasa wanaume wazima wale waliogopa nini?" aliuliza, na sauti yake ilinitia huruma. Basi nikawapa ujasiri. Nikasema walimtoa dikteta wao.

Majira yote yale ya baridi walimtoa kila jioni. Waliingia ikulu asubuhi, wakamkuta anakunywa chai, wakamnyang'anya kikombe. Hilo la kikombe aliliongeza Bibi, akicheka mpaka mama akamkumbusha macho yake. Vita havikutokea. Mwandikishaji wa askari hakufika kijijini. Baba yake alikwenda msituni kurina asali, na jioni akarudi nyumbani. Hapo pa kurudi alitaka pasimuliwe tena na tena. Maneno yaliponipotea alinipa yeye, nami bila kujua nikawa msemaji. Jioni moja nikamuuliza, kama vita havikutokea, yeye angeitwa nani? Nikaogopa nimemuumiza. "Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume," akasema. "Baba angeniita Zuhura." Tangu hapo tukamwita Zuhura, naye akaitika kwa madaha ya kisichana.

Siku ya kuondoka, macho yake yakiona vizuri, nilimuaga kwa jina hilo uwanja wa ndege. Akanishika shavu. "Zuhura mwacheni hapa kwenu. Mimi Tabu narudi zangu. Yule angeolewa kwingine. Mimi ndiye niliyemzaa mama yako." Nililia njia nzima ya kurudi. Baada ya dhiki faraja, walisema wahenga, lakini Bibi aliipata faraja bila kuikana dhiki yake.

Sasa Bibi ametutoka. Naishi Harrow, si mbali na Wembley, jikoni kuna feni ya kuvuta moshi, na dagaa wanauzwa duka la mtaani. Binti yangu wa kwanza anaitwa Zuhura. Nikimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, nami sina uso wa kumgombeza. Ila tukikaanga dagaa huitaka hadithi ile. Nikifika mlango wa ikulu hunyamaza makusudi, na yeye hushindwa kuvumilia.

"Wakamtoa, baba?"

"Wakamtoa."

"Na babu wa asali akarudi?"

"Akarudi, mwanangu. Mpe kiti."