Programu Iliyofuta Masikio

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya steshenari moja hapa Karatu, nyuma ya bibi wa Kimasai aliyekuwa akijaziwa maombi ya kitambulisho mtandaoni. Dada wa kompyuta alimpiga picha, akabonyeza kitufe cha kuweka nyuma peupe, kisha akamgeuzia skrini.

Bibi aliitazama, akashika masikio yake, yaliyotogwa tangu usichana yakaning'inia hadi karibu na mabega.

"Masikio yangu yako wapi?"

Programu ilikuwa imeyafuta pamoja na ukuta.

"Yeyo, mama yangu, ni mashine tu. Uso si unaonekana? Nitajie jina niandike."

"Huyo mpe jina lako. Mimi simjui."

Dada akaweka picha ya mwanzo. Mfumo ukaikataa kwa sababu ya rangi ya ukuta.

"Bibi, kubali tu, tunachelewa!" mtu akafoka nyuma yangu. Bibi akavuta kiti, akakaa.

Hapo na mimi nikapandwa na hasira. Picha za masikio kama yale zimepamba magari ya watalii mji mzima. Kwenye gari la mtalii ni urembo, kwenye kitambulisho cha mwenyewe ni uchafu wa ukutani?

Nikaazima shuka jeupe gesti ya jirani, nikalishika nyuma yake. Akapigwa picha upya. Kiduara kikazunguka weee, mwishowe picha ikakubali, masikio yote mawili yakiwemo.

Bibi aligusa sikio lake, kisha akaligusa la kwenye skrini.

"Sasa andika," akasema, akataja jina lake hadi waliokuwa barabarani wakalisikia.