Majadiliano ya Mwalimu Gichuru

Mwalimu Gichuru amefundisha Kiswahili miaka ishirini kwa shule yetu hapo Kileleshwa, na hajawahi maliza dakika tatu bila kuongea. Sasa wakubwa wamekuja na mambo mapya: wanafunzi ndio wajadili hadithi, mwalimu akae tu kimya. Akiongea mbele ya mkaguzi anayekuja Jumatano, kandarasi yake haitaongezwa.

Mimi ndio huosha hizo madarasa, so niliona vile alijipanga. Wiki nzima alifanyisha Gredi ya Nane mazoezi. Debra atauliza kwa nini mama wa hadithi aliuza mbuzi. Dhruv atajibu. Gurleen atapinga, lakini kwa heshima. Ebu niambie, hiyo ni majadiliano ama ni drama?

Jumatano mkaguzi akakaa nyuma. Debra akauliza swali yake. Wenzake wakaangaliana. Mwalimu akatoa macho, mpaka mimi hapo kwa dirisha nikaacha kupanguza.

"Si mtu ajibu?" mkaguzi akasema.

"Jibu ni ya Dhruv," Gurleen akamwambia, "na leo ako na homa."

Class yote ikacheka. Jeremy akaropoka, "Lakini huyo mama alikosea! Mbuzi ilikuwa ya mtoto!"

"Wewe nawe! Huyo mtoto angekula nini?" Debra akamrukia.

Wakawaka wote, kila mtu anafungua kitabu kutafuta ushahidi. Mkaguzi anaandika mbio, anatabasamu. Gichuru akashindwa kujizuia. Akagonga meza.

"Nyamazeni! Tuko na majadiliano hapa!"

Nilitaka kumrushia kitambaa.

Mkaguzi akafunga faili. "Mwalimu, si ndio walikuwa wameanza?"