Mbuzi Asiyecheka

Baba yake Kavindu alichonga vinyago vya twiga miaka nenda miaka rudi bila kumwona twiga hata mmoja. Bintiye alipomuuliza, alijibu kwamba hata wanunuzi hawajamwona. Jibu hilo lilimkwama Kavindu kooni, akaapa hatachora mnyama ambaye hajamkazia macho.

Ndiyo maana hata alipoajiriwa na Mzee Musau, mchoraji wa kuta za vinyozi na bucha huko mtaa wa Kayole, hakuacha kupitia kwanza soko la mbuzi karibu na kwao, mtaa wa Huruma, mkononi kipande cha boksi na penseli. Mbuzi hangoji mtu. Ukichelewa kidogo amegeuka, ukichelewa zaidi amekuwa supu. Kwa hiyo Kavindu alijifunza mistari michache: wa mgongo, wa shingo, na miwili ya miguu iliyogoma kwenda. Siku moja Abdiqadir, muuza mbuzi, alichungulia lile boksi.

"Dada, huyu si ni yule wangu mbishi?"

Kavindu alishinda na furaha siku nzima, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mchoro huohuo ndio uliompendeza Mbugua, aliyekuwa akifungua bucha Kayole. Alisema anautaka ukutani vilevile, usiongezwe kitu. Ulikuwa ukuta wa kwanza ambao Kavindu aliachiwa peke yake. Alimchora mbishi wake kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, miguu imekita, shingo imekataa. Kisha akashuka ngazi, akaenda kula githeri.

Aliporudi, mbuzi alikuwa anacheka. Alikuwa na kope ndefu, na meno juu na chini, ilhali mtoto yeyote aliyewahi kulisha mbuzi anajua kwamba mbele juu hana meno. Mzee Musau alikuwa anaosha brashi.

"Nimekumalizia," alisema. "Uliacha kazi nusu."

"Umemmaliza kweli, Mzee. Ni mbuzi gani hucheka akipelekwa kuchinjwa?"

"Wa bucha wote hucheka. Kastoma akiona mbuzi amenuna, nyama itamshuka kooni aje?"

Kavindu alimgeukia Mbugua. Mbugua alijikuna kidevu, akasema kwamba, kusema kweli, akicheka hakai vibaya. Mtu mzima, na ahadi yake haijakauka mdomoni!

Huenda Kavindu angemeza hasira zake, kwa kuwa kazi ni kazi. Lakini Abdiqadir alifika kuleta mbuzi wa kwanza wa bucha hiyo, akautazama ukuta kwa adabu.

"Mbuzi mzuri," alisema. "Wa nani huyo?"

Hilo ndilo lililomchoma. Kavindu alichukua ndoo ya rangi nyeupe, akafuta kope, meno, kila kitu. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Rangi ilipokauka alichora upya, kwa mistari michache kuliko mwanzo: makalio mawili, mkia juu, kwato zikiondoka. Mbuzi alikuwa ameipa barabara mgongo.

"Sasa uso uko wapi?" Mzee Musau aliuliza.

"Ameenda nao."

Abdiqadir alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo sasa ni wangu," alisema.

Mzee Musau alipanda ngazi na brashi yake. Alitazama mkiani, akatazama kwatoni, akakosa pa kuweka meno.