Jina la Masanja Kwenye Behewa

Jirani yangu hutengeneza sabuni, na kila anapomimina kostiki, ile soda kali inayounguza ngozi, kwenye maji, ule mvuke unaokwangua koo huvuka ukuta na kunikuta jikoni. Huacha ninachofanya nikatoka nje. Watoto wangu wanadhani nina pumu. Ninyi nitawaambia ukweli.

Baba alikuwa mpaka rangi wa mabehewa, Shinyanga. Mgoa mmoja aliyekuwa msimamizi wake alipohama nchi, alimwachia treni ya plastiki ya mtoto wake: kichwa na mabehewa matatu, kila moja la kutosha kiganjani. Baba aliipaka rangi nyekundu iliyoiva, ileile ya mabehewa ya kweli, na pale penye namba akaandika majina yetu kwa brashi nyembamba: Kabula, ndiye mimi, Masanja, na Limi, ambaye mama alifariki akimzaa. Mwaka uliofuata baba alibanwa katikati ya mabehewa mawili yaliyokuwa yakiunganishwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliacha darasa la sita wiki hiyohiyo, wala hakuna aliyeniuliza.

Matanga yalipokwisha, vitu viligawanywa. Baba Mdogo Shija alichukua baiskeli, koti, redio, na sisi watatu. Treni akampa mwanawe Kulwa, ambaye aliifunga kamba na kuiburuza nyuma ya mbwa. Masanja alikuwa na miaka saba. Kutwa nzima alimfuata mbwa yule, akiokota kila behewa lililokatika na kulipangusa vumbi kwa shati lake.

Baba Mdogo alipiga. Nasema kwa kifupi kwa sababu naye hakuhitaji sababu ndefu. Alitupiga kwa tyubu ya baiskeli iliyoning'inia mlangoni: kwa chumvi iliyozidi, kwa mbuzi aliyechelewa zizini, kwa kukohoa wakati wa taarifa ya habari. Limi alijifunza kulia bila sauti kabla hajajua kutamka maji.

Kisha treni ikapotea. Masanja aliiiba mchana, akaificha kwenye kihenge kitupu cha nafaka, na mimi peke yangu akaniambia. Baba Mdogo alitupanga uani.

"Mwizi namvunja mkono," alisema. "Namvunja mbele ya mama yake." Akatutazama mmoja mmoja, akacheka. "Ah, nimesahau. Basi mtamshikia ninyi."

Kulwa naye akacheka. Mimi nilijua hatanii. Mchunga ng'ombe wake alikuwa amekula uji kwa mrija miezi miwili, taya limevunjwa kwa fimbo ya Baba Mdogo.

Wakati huo nilifanya kazi kwa Fundi Saidi, fundi baiskeli pale sokoni. Kazi yangu ilikuwa kutoa rangi kwenye fremu kuukuu kabla hajazipaka upya. Nikawaza: inayotafutwa ni treni nyekundu. Ikiwa na rangi nyingine, itakuwa treni nyingine. Nilianza na behewa lenye jina langu, kwa thina ya kuyeyusha rangi, kama nilivyozoea kwenye chuma. Likalegea mkononi mwangu kama mshumaa juani. Fundi akaniona, akanipiga kofi la kisogoni.

"Plastiki na thina wapi na wapi, we binti? Loweka kwenye kostiki. Kostiki inakula rangi, plastiki inaiacha. Wewe ndiye haitakuacha."

"Nimesikia, Fundi."

"Na hiyo treni ya nani?"

"Ya kwetu."

Alinitazama, kisha akarudi kwenye mnyororo wake.

Siku ya mnada, Baba Mdogo alipokwenda kuuza ng'ombe, nilikaa nyuma ya nyumba na behewa la Masanja na kopo la kostiki, mifuko ya nailoni nimeifunga mikononi. Rangi ya baba ilivimba, ikakunjamana, ikateleza chini ya mswaki kama utando wa maziwa. Herufi za Masanja zilitoka moja moja. Chini yake kulikuwa na kijani ambacho sikuwahi kukiona. Nilifurahi. Nilikuwa naitazama kazi tu.

Baba Mdogo alirudi mapema. Aliokota behewa lililokauka, akaligeuza.

"Yetu ilikuwa nyekundu," alisema polepole.

"Ndiyo, Baba. Hii ya kijani kanipa Fundi."

Akaligeuza tena. Naapa alikuwa anaanza kukubali. Ndipo Masanja akaja na ndoo ya maji, akauona mswaki, akaliona behewa, akaitua ndoo.

"Dada, umemfuta baba," alisema. "Na mimi umenifuta."

Baba Mdogo alimshika mkono, akaulaza juu ya goti lake. Niliusikia mfupa kabla sijasikia kilio. Nikainua kopo. Sitawadanganya kwamba sikufikiri. Nilisogea hatua mbili pembeni ili kostiki isimpate Masanja, ndipo nikamwaga. Baba Mdogo alianguka akimwita mama yake, marehemu bibi yetu, mikono usoni. Mimi nilisimama tu. Masanja, mkono mmoja ukining'inia, ndiye aliyeburuta ndoo na kummwagia maji. Jicho la kulia lilipona kwa maji hayo. La kushoto halikupona.

Hospitali walipouliza, Baba Mdogo alisema aligonga kopo mwenyewe, na mtoto kaanguka mtini. Nilidhani anaona aibu kusema kaumizwa na msichana, na nilifurahia aibu hiyo kwa miaka. Hakutupiga tena. Treni ilibaki kwetu, na Kulwa akaleta hata kamba yake bila kuombwa. Niliwalea wadogo zangu katika nyumba ileile, na bakuli la mboga la Baba Mdogo nililiweka kulia kwake, aweze kuliona. Nilipopata mabaki ya rangi nyekundu kwa Fundi, nilitaka kuandika upya jina la Masanja. Akalificha behewa mgongoni. "Acha, Dada. Utakosea."

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilimwaga kostiki ile ili kuuokoa mkono wa ndugu yangu. Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu ndipo nikakubali kuupanga mchana ule kama ulivyokwenda. Mkono ulikuwa umeshavunjika. Nilichotaka kukinyamazisha ni yale maneno ya Masanja, na kwa kuwa yeye sikuweza kumgusa, nikamgeukia aliyekuwa karibu.